Dead Man's Chest au At World's End: utazame ipi baada ya filamu ya kwanza ya maharamia wa Karibi?

Mtu aliyeitazama filamu ya kwanza ya mfululizo wa Pirates of the Caribbean, ile iliyotoka mwaka 2003, akaimaliza huku bado ana hamu, hukutana na filamu nne zinazofuata na asijue ashike ipi. Mbili za mwisho nitazigusa kwa ufupi baadaye, kwa kuwa hazihitaji mjadala mrefu. Mizani ya kweli ipo kati ya Dead Man's Chest ya mwaka 2006 na At World's End ya mwaka 2007, kwani hizi zilitoka mikononi mwa watu walewale: mwongozaji Gore Verbinski, mtayarishaji Jerry Bruckheimer, waandishi Ted Elliott na Terry Rossio, mtunzi wa muziki Hans Zimmer, na waigizaji wakuu Johnny Depp, Orlando Bloom na Keira Knightley. Hata upigaji picha wake ulipangwa kama kazi moja kubwa, filamu ya tatu ikiandaliwa wakati ya pili bado inatengenezwa. Kwa hiyo pale ambapo moja imefaulu na nyingine imeshindwa, hatuwezi kusingizia tofauti ya vipaji wala uhaba wa fedha. Sababu imo ndani ya kisa chenyewe na namna kilivyosimuliwa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji asiutafute. Mwenye jioni moja tu aitazame Dead Man's Chest. Mwenye siku nzima ya mapumziko azitazame zote mbili mfululizo, na akifanya hivyo, naamini ni ile ya tatu atakayoendelea kuifikiria wiki nzima. Haya si maneno yanayopingana, na sehemu kubwa ya makala hii ni kueleza kwa nini. Nitalazimika kutaja baadhi ya matukio, lakini mwisho wa filamu ya tatu sitaufichua.

Deni la filamu ya kwanza

Filamu ya kwanza ilikuwa na fundo moja tu: dhahabu iliyolaaniwa, mabaharia wasioweza kufa, na sharti la kurudisha kila sarafu pamoja na damu. Kila mhusika alilizunguka fundo hilo, na lilipofunguliwa kisa kilikwisha. Kilikuwa kimejitosheleza kiasi kwamba mtazamaji hakudai chochote zaidi, na Depp aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora kwa nafasi ya haramia Jack Sparrow, jambo lisilo la kawaida kwa filamu ya aina hii. Ugumu wa kuendeleza kisa kilichokwisha ni kwamba mwandishi hana uzi uliobaki mkononi. Hulazimika kurudi nyuma kutafuta mahali ambapo uzi ulikatika bila mtu kuona.

Elliott na Rossio waliupata uzi wao katika maelezo mafupi sana. Katika filamu ya kwanza tunaambiwa kwamba Bootstrap Bill, baba yake Will Turner (kijana anayeigizwa na Bloom), alifungwa kwenye mzinga akatupwa baharini. Wakati huo yalikuwa maelezo ya pembeni tu. Filamu ya pili inauliza swali ambalo sisi watazamaji hatukulifikiria: mtu aliyelaaniwa asife, akizamishwa hadi sakafu ya bahari, yuko wapi sasa? Jibu ni kwamba alimwona Davy Jones, nahodha wa meli ya kutisha iitwayo Flying Dutchman, akimjia, akakubali kuwa mtumwa katika meli yake ili aokoke na mateso hayo. Stellan Skarsgård anamwigiza kwa unyonge unaogusa moyo, huku uso wake umeshaanza kumezwa na viumbe wa baharini.

Jack naye ana deni lake. Davy Jones ndiye aliyeiopoa meli ya Black Pearl kutoka kilindini na kumpa unahodha wake kwa miaka 13, kwa makubaliano kwamba baada ya hapo Jack atamtumikia kwa miaka 100. Muda umefika, na Jack anafanya kila hila ili asilipe: anajificha nchi kavu, anatafuta kasha lenye moyo wa mdai wake, na hata anamtanguliza Will kama malipo ya awali. Wazee wetu wanasema dawa ya deni ni kulipa, na filamu yote ya pili ni hadithi ya mtu anayeitafuta kila dawa isipokuwa hiyo. Sababu hii ni rahisi kueleweka hata kwa mtoto, nayo ndiyo inayoishikilia filamu pale inapotaka kupotea njia.

Davy Jones

Kama Dead Man's Chest isingekuwa na uzuri mwingine wowote, ningeipendekeza kwa ajili ya Davy Jones peke yake. Mahali pa ndevu ana minyiri ya pweza inayojikunja na kujikunjua kwa kufuata hasira yake, mkono wake mmoja ni gando la kaa, na mabaharia wake wamegeuka kuwa matumbawe, kombe na samaki wanaotembea kwa miguu miwili. Bill Nighy aliiigiza nafasi hiyo akiwa palepale sitahani pamoja na waigizaji wenzake, amevaa suti ya kijivu yenye alama na nukta usoni, na baadaye mafundi wa kampuni ya Industrial Light & Magic wakauweka mwili wa kompyuta juu ya kila alichokifanya. Kabla ya hapo, kazi ya kunasa mienendo ya mwigizaji ilifanyika zaidi katika chumba maalumu, mbali na mandhari halisi. Kumwacha Nighy asimame mvua ikimnyeshea mbele ya mtu anayezungumza naye kulileta tofauti ambayo jicho huiona hata kama akili haiwezi kuitaja. Watazamaji wengi walidhani macho yale ni ya mwigizaji mwenyewe yaliyozungushiwa vipodozi, ilhali hata hayo yalitengenezwa na kompyuta. Filamu ilipata Oscar ya athari za picha, na ninapoitazama leo, karibu miaka 20 baadaye, bado sioni mahali ambapo kazi ile imechakaa.

Hata hivyo si ufundi huo unaomfanya Davy Jones akumbukwe. Huyu ni mtu aliyependa, akasalitiwa, akashindwa kuvumilia maumivu, kisha akaukata moyo wake mwenyewe na kuufungia ndani ya kasha. Tunamkuta usiku akipiga kinanda kikubwa kwa minyiri yake, akisindikiza wimbo mdogo unaotoka kwenye kidani cha muziki. Zimmer aliujenga muziki wa mhusika huyu juu ya sauti hizo mbili, kidani dhaifu na kinanda kinachonguruma, hivyo kila unaposikika unakumbusha kwamba ndani ya ukatili huu kuna jeraha. Katika meli hiyohiyo kuna mchezo wa dadu ambamo Will anaweka rehani uhuru wake ili apate kujua ufunguo wa kasha uko wapi, na baba yake anaingia mchezoni kwa kusudi la kushindwa ili mwana aokoke. Hakuna mlipuko wala mkimbizano, ni watu watatu mezani wanaodanganyana, na bado ni tukio ninalolipenda kuliko mengi yenye mizinga.

Filamu ya tatu inampunguza. Moyo wake umeshaangukia mikononi mwa Lodi Cutler Beckett, mkuu wa Kampuni ya Biashara ya East India, na yule aliyekuwa hofu ya bahari yote amekuwa mtu wa kuamrishwa. Wazo hilo ni zuri, kwa sababu linaonyesha kwamba hata nguvu za kale zinaweza kununuliwa. Lakini athari yake kwa mtazamaji ni kwamba adui bora wa mfululizo mzima anatumia muda mwingi akiwa amesimama nyuma ya bwana mfupi mwenye wigi. Anayechagua kwa sababu ya Davy Jones asisite: filamu ya pili ndiyo yake.

Ni nani anapigana na nani, na kwa nini

Katika filamu ya pili kuna pigano la panga la watu watatu kwenye kisiwa cha Isla Cruces. Kasha limefukuliwa ufukweni, na Will anautaka moyo auchome kisu ili amwokoe baba yake, Jack anautaka ili ajikomboe na deni, na Norrington, afisa wa zamani aliyepoteza kila kitu, anautaka ili arudishiwe heshima yake. Kila mmoja ana haki yake, na hakuna anayeweza kushinda bila kuwaangamiza wawili wengine. Pigano linaanza mchangani, linapanda hadi juu ya paa la kanisa bovu, kisha linahamia juu ya gurudumu kubwa la kinu cha maji linalong'oka na kubingirika msituni huku wao bado wanapigana, mara juu yake, mara ndani yake. Wakati wote mtazamaji anajua nani yuko wapi na ufunguo uko mkononi mwa nani. Uwazi huo ni adimu katika filamu za vituko, na hauji kwa bahati. Unahitaji mwongozaji anayejua kwamba kicheko na hofu vyote huharibika pale mtu asipoelewa anachokiona.

At World's End inalijibu pigano hilo kwa vita vya shimo la maji. Meli mbili, Black Pearl na Flying Dutchman, zinazunguka kuta za maji yanayozama, mvua inapiga, mizinga inafyatuliwa kwa karibu hadi milingoti inagusana, na katikati ya yote hayo Barbossa, nahodha aliyekuwa adui wa Jack katika filamu ya kwanza, anafungisha ndoa huku yeye na maharusi wanapambana na maadui. Tukio hilo la ndoa ni la ujasiri mkubwa. Ninalikubali kwa moyo wote, kwa sababu linaunganisha mapenzi na hatari kwa namna ambayo filamu hizi zilikuwa zinaitafuta tangu mwanzo. Lakini kuna kasoro ambayo kila anayeitazama kwa makini huiona. Kabla ya vita tunaonyeshwa kundi kubwa la meli za maharamia upande mmoja na msitu wa matanga ya Beckett upande wa pili, tunatarajia bahari yote iwake moto, kisha meli mbili tu ndizo zinazopigana na nyingine zote zinasimama kutazama. Ahadi ilikuwa kubwa kuliko kilichotolewa.

Urefu, na mikataba isiyokwisha

Dead Man's Chest ina dakika 151, na dakika zake zilizozidi zinajulikana ziliko. Sehemu ya kisiwa cha wala watu, ambako Jack amefanywa chifu ili aje kuchomwa moto, inachekesha kwa vipande, lakini ukiitoa yote kisa hakipungukiwi na chochote. Hii ndiyo kasoro kubwa ya kimuundo ya filamu ya pili: inachelewa kuanza. Mpaka Will apande meli ya Davy Jones, mtazamaji mwenye haraka anaweza kuwa ameshakata tamaa, nami ninamsihi avumilie.

At World's End ina dakika 169 hivi, na uzito wake haupo mahali pamoja, umesambaa kote. Tatizo ni mikataba. Will anapatana na Sao Feng, bwana wa maharamia wa Singapore, ili aipate Black Pearl na amwokoe baba yake. Sao Feng anapatana na Beckett. Beckett anapatana na Jack, naye Jack ana mpango mwingine moyoni. Barbossa ana makubaliano yake na mganga Tia Dalma, na Elizabeth, mchumba wa Will anayeigizwa na Knightley, anajitoa kwa Sao Feng kwa makubaliano ya kwake. Kila usaliti una sababu yake ukiuchunguza kwa utulivu, kwani waandishi hawakubahatisha, ila mtu anayetazama kwa mara ya kwanza hapewi nafasi ya kutulia. Wahakiki wengi waliilalamikia filamu kwa hili ilipotoka, na sioni kwamba walimwonea mtu. Nitatoa njia moja iliyonisaidia: shika maswali mawili tu, nani anataka kuwa nahodha wa Flying Dutchman na nani anataka Calypso, mungu wa kike wa bahari aliyefungwa katika umbo la binadamu, aachiwe huru. Ukijua kila mhusika anasimama wapi katika hayo mawili, mikataba mingine inajipanga yenyewe.

Jambo hili linahusu pia wengi wetu tunaozipata filamu za nje zikiwa na sauti ya mfasiri wa Kiswahili juu yake, kama zinavyoonyeshwa katika vibanda vya video vya Tanzania. Filamu ya pili hustahimili ufasiri wa namna hiyo, kwa kuwa kicheko chake kiko mwilini: Jack anakimbia ufukweni huku kundi zima linamfukuza, mabaharia wamefungiwa ndani ya vizimba vya mifupa vinavyoning'inia juu ya korongo. Mfasiri akiruka sentensi mbili, huna hasara. Katika filamu ya tatu sentensi mbili zilizorukwa zinaweza kuwa ndizo zilizobeba mkataba wote, na baada ya nusu saa hujui tena kwa nini mtu huyu anamwelekezea bastola rafiki yake. Anayeichagua ya tatu atafute nakala yenye maandishi chini ya picha, hata kama itamlazimu kusoma.

Kile ambacho filamu ya tatu peke yake inacho

Baada ya kuilaumu hivyo, napaswa kuitendea haki. At World's End inaanza na watu wanaopangwa foleni kwenda kunyongwa, tangazo likisomwa kwamba haki zao zote zimesitishwa, na miongoni mwao yumo mtoto ambaye hafiki urefu wa kitanzi na anasimamishwa juu ya pipa. Ni mtoto huyo anayeanza kuimba, na wengine wakampokea. Sijui filamu nyingine ya Disney ya aina hii iliyothubutu kufungua pazia kwa giza namna hiyo. Tangu hapo inaeleweka kwamba jambo lililo hatarini si dhahabu wala kasha. Ni kizazi kizima cha watu wa bahari kinachofutwa na kampuni yenye hesabu na karatasi.

Historia inaiunga mkono hisia hiyo, ingawa filamu haifuati tarehe zozote. Enzi ya maharamia wa Karibi haikufa kwa pigano moja kubwa. Ilikufa pale dola na biashara zilipoona kwamba bahari yenye utulivu ina faida zaidi. Mwaka 1718 gavana Woodes Rogers alifika Nassau akiwa na msamaha wa mfalme mkono mmoja na kitanzi mkono wa pili, na ndani ya miaka michache mchezo ulikuwa umekwisha. Tom Hollander anamwigiza Beckett kwa upole wa karani anayepiga hesabu za mauaji bila kupandisha sauti, na ukimfikiria hivyo anatisha kuliko mwenye magando.

Kuna tukio moja ambalo kwangu linatosha kuipa filamu ya tatu nafasi yake. Dubwana lililoisumbua bahari katika filamu ya pili limelala ufukweni, limekufa kwa amri ya Beckett, na manahodha wawili, Jack na Barbossa, wanasimama mbele ya jicho lake lisiloona wakizungumza taratibu kuhusu dunia iliyopungua. Geoffrey Rush na Depp hawachekeshi hapo hata kidogo. Kitu tulichokiogopa kwa saa mbili na nusu tunakihurumia kwa dakika mbili. Hakuna mahali katika filamu ya pili panapofika kina hicho.

Elizabeth naye anakua zaidi. Katika filamu ya pili anafanya tendo moja zito mwishoni, tendo la kumtoa mwingine ili wengi waokoke, nalo linambadilisha. Katika ya tatu anaibeba hatia hiyo mbele ya watu wasioijua, na cheo anachofikia, ambacho sitakitaja, anakipata kwa kuwa ameshajifunza gharama ya uamuzi. Mtazamaji anayependa kuona binti aliyeanza akiwa mateka wa korseti akifika mbali, atapata hapa malipo ambayo Dead Man's Chest inaahidi tu.

Iko pia sehemu ya kuzimu ya mabaharia, iliyopigwa picha kwenye jangwa la chumvi la Bonneville huko Utah, ambako Jack yuko peke yake na nafsi zake nyingi, na meli yake inabebwa na kaa wanaofanana na mawe. Wapo wanaoichoka. Mimi naiona kuwa ndefu kwa dakika tano, lakini nzuri.

Kasoro wanazoshiriki

Kisiwa cha wala watu hakikosei kimuundo tu. Sehemu ya filamu ya pili ilipigwa picha Dominica, nyumbani kwa Wakalinago, ambao Wazungu waliwaita Wakaribu, na neno la Kiingereza na Kihispania la mla watu lilizaliwa kutokana na jina hilo tangu enzi za Columbus. Uongozi wa Wakalinago ulilalamika hadharani kwamba filamu inarudia uzushi uliotumiwa kwa karne nyingi kuhalalisha kuwapokonya ardhi. Wengine walikubali kuigiza kwa kuwa palikuwa na ujira. Ninaamini malalamiko yalikuwa ya haki, na mzazi anayeitazama na watoto anaweza kusimama hapo akawaeleza.

Filamu ya tatu inatanua dunia, na nia hiyo ni nzuri, lakini haikamiliki. Sao Feng wa Chow Yun-fat anaondoka mapema mno. Na nchini China matukio yake mengi yalikatwa kabla ya filamu kuonyeshwa, kwa sababu ya namna anavyomchora Mchina. Katika baraza la mabwana tisa wa maharamia yumo Jocard wa Atlantiki, aliyeigizwa na Hakeem Kae-Kazim mzaliwa wa Lagos, na yumo bwana wa Bahari ya Hindi anayeitwa Sumbhajee Angria. Jina hilo si la kubuni tu: linamkumbusha msomaji ukoo wa Angre wa pwani ya Konkan, ambao amiri wake Kanhoji Angre, aliyefariki mwaka 1729, Waingereza walimwita haramia huku Wamaratha wakimheshimu kama mlinzi wa bahari yao. Kwetu sisi tunaoishi upande wa pili wa maji hayohayo, ambako Kapteni Kidd alipita visiwa vya Komoro mwaka 1697, nafasi hiyo ingeweza kuwa hazina. Filamu inampa bwana huyo kilemba na msemaji wa kuzungumza kwa niaba yake, basi. Hata Flying Dutchman yenyewe ni ngano ya bahari ya kwetu kuliko ya Karibi, kwani mabaharia wa Ulaya waliisimulia kuhusu Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika.

Zile mbili zilizobaki

On Stranger Tides ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Rob Marshall, inamwacha Will na Elizabeth na kumpa Jack usukani wote. Hapo ndipo inapoonekana kwamba Jack anang'aa akiwa pembeni mwa kisa cha wengine. Akiwekwa katikati anachosha. Nguva wake wanatisha vizuri, na inaeleweka bila kukumbuka mikataba yoyote, kwa hiyo inamfaa mtu anayetaka kitu chepesi. Dead Men Tell No Tales ya mwaka 2017 ina Javier Bardem na mabaharia wake wafu waliotengenezwa kwa ustadi, lakini inarudia njia za filamu ya kwanza karibu hatua kwa hatua. Sina sababu ya kuiweka yoyote kati ya hizi mbele ya zile za Verbinski.

Kwa hiyo, wewe utazame ipi?

Kama utatazama na watoto waliokwisha kuvuka umri wa kuogopa gizani, chagua ya pili. Zote mbili ziliwekewa daraja la PG-13 huko Marekani, yaani wazazi wawe waangalifu na watoto walio chini ya miaka 13, lakini ile ya tatu inafungua na kunyongwa, na maswali yatakayofuata si mepesi. Kama unachopenda ni ufundi wa picha, chagua ya pili kwa ajili ya Davy Jones, kisha uazime saa ya mwisho ya ile ya tatu kwa ajili ya shimo la maji. Kama unatazama mahali penye kelele, ambako watu wanaingia na kutoka, ya pili itakusamehe na ya tatu haitakusamehe.

Kama umeumizwa zaidi na filamu isiyo na mwisho, basi ujue hasara ya chaguo langu. Dead Man's Chest haimaliziki. Inakatika pale mtu fulani anaposhuka ngazi katika kibanda cha Tia Dalma, na hakuna fundo hata moja lililofunguliwa: deni, kasha, baba, ndoa, vyote vinaning'inia. Wapo walioona hilo kuwa ulaghai walipotoka ukumbini mwaka 2006, hata kama filamu ilivuka mapato ya dola bilioni moja duniani na ya tatu ikaishia milioni 960 hivi. Wakati ule walilazimika kungoja karibu mwaka mmoja, wewe hulazimiki. Zote mbili kwa pamoja ni saa tano na dakika 20, na ukianza ya pili baada ya chakula cha mchana, ukapumzika kwa ajili ya magharibi na chakula, utaimaliza ya tatu kabla usiku haujawa mkubwa. Usifanye kinyume, yaani kuitazama ya tatu bila ya pili, kwani hutaelewa hata kwa nini wanakwenda kumtafuta Jack.

Na jambo la mwisho ni la kivitendo. Baada ya majina ya watengenezaji kupita, kila moja ya filamu hizi ina tukio dogo. Lile la Dead Man's Chest ni kichekesho cha mbwa, na ukizima mapema hujapoteza kitu. Lile la At World's End linatokea miaka kumi baada ya kisa, juu ya mwamba unaotazama bahari wakati wa machweo, na bila hilo hujaona filamu ilivyokwisha. Majina yakianza kupita, usiguse rimoti.